Mashine tatu za TIG na akiba moja: fundi wa Tanga auliza anunue ipi

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tanga, na karakana yangu iko kandokando ya barabara ya kwenda Pongwe. Kwa miaka mingi nimetengeneza mageti, grili za madirisha na minara ya matenki ya maji kwa mashine ya koili iliyosukwa hapa hapa nchini, ambayo haijawahi kunisumbua zaidi ya kuhitaji kebo mpya mara moja moja. Hivi karibuni wateja wamebadilika. Wanaojenga maghorofa na nyumba za wageni wanataka reli za ngazi na za baraza za stenlesi inayong'aa, na kwa kuwa sina mashine ya TIG, ile inayochomelea kwa ncha ya tangsteni huku ikipuliza gesi ya agoni, mimi hukata na kupima mabomba, kisha humpelekea fundi mwenzangu ambaye hunitoza kwa kila kiungo. Nikishamlipa, kinachobaki ni posho ya vijana wangu wawili tu. Isitoshe, kituo kimoja cha kukusanya maziwa kimeniuliza kama ninaweza kurekebisha mabomba yake ya stenlesi mwezi ujao, nami nimeomba muda wa kufikiri.

Nimeweka akiba ya shilingi 2,400,000. Nilikwenda Dar es Salaam, nikazunguka Gerezani na Kariakoo, nikanakili maandishi ya vibao vya nyuma vya mashine tatu zilizonivutia. Ya kwanza inauzwa shilingi 650,000 pamoja na tochi na regileta. Boksi lake limeandikwa ampea 250, na kibao kinasema 230 V na I1max 22 A, bila maelezo mengine ya maana. Ya pili ni shilingi 1,250,000, inatoa umeme wa DC peke yake, ina wakala Dar es Salaam na waranti ya mwaka mmoja. Kibao chake kinasema 200 A / 18 V kwa X 35%, kisha 118 A / 14.7 V kwa X 100%, I1max 29 A na I1eff 17 A. Ya tatu ni ya AC na DC, shilingi 1,950,000, jina lake sijawahi kulisikia, na kibao kinasema 200 A kwa X 20%. Muuzaji wa hii ya tatu alinisisitizia kwamba aluminiamu ndiyo kazi ya kesho, na ni kweli wateja wangu wengi wanaulizia madirisha ya aluminiamu.

Nikiwa njiani kurudi nilionyeshwa pia mashine ya mtumba kutoka Japani, kubwa kama friji, ya ampea 300, kwa shilingi 1,400,000. Na shemeji yangu anayeishi Houston amesema yuko tayari kuninunulia mashine ya Kimarekani na kuituma pamoja na mizigo yake mingine.

Ninashindwa kuelewa inakuwaje mashine ya ampea 250 iwe nusu ya bei ya mashine ya ampea 200. Pia nina wasiwasi na umeme, kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa jioni taa zangu hufifia, na nimeambiwa inveta, yaani mashine hizi za bodi za kielektroniki, hazivumilii hali hiyo, wala hazivumilii hewa ya chumvi ya huku kwetu. Ninaomba unisaidie kuzilinganisha kabla fedha haijaondoka mkononi.

Ni mimi,
Fundi wa barabara ya Pongwe

JIBU

Marahaba, fundi. Umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi, la kunakili vibao badala ya kukariri majina yaliyo kwenye maboksi, na kwa sababu hiyo swali lako la ampea 250 linajibika kwa kalamu na karatasi kabla hujapanda basi kurudi Dar es Salaam.

Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974-1, kinaeleza volti ambazo mashine hupimiwa inapotoa ampea fulani. Kwa TIG, chukua ampea, zidisha kwa 0.04, kisha jumlisha 10. Ampea 200 zinakupa volti 18, na ndivyo kibao cha mashine yako ya pili kinavyosema. Ampea 118 zinakupa volti 14.7, na hapo pia kibao kimesema kweli. Sasa tazama nguvu. Ampea 200 mara volti 18 ni wati 3,600 zinazotoka kwenye tochi. Kinachoingia kwa upeo, ambacho kibao hukiita I1max, ni ampea 29 mara volti 230, yaani 6,670, kiasi kinachokaribia mara mbili ya kinachotoka. Usishtuke, kwa sababu inveta ndogo za fezi moja kwa kawaida huwa hivyo: sehemu ya umeme hupotea kama joto, na sehemu nyingine inatokana na jinsi mashine inavyovuta umeme kwa vishindo badala ya kuuvuta kwa ulaini. Hata ile I1eff ya ampea 17, yaani umeme unaoingia ukihesabu na mapumziko, inakubaliana na hesabu, kwa kuwa ni 29 mara kipeuo cha pili cha 0.35, ile X 35% nitakayoieleza hapa chini. Aliyechapa kibao hicho aliipima mashine, au angalau anaijua hesabu.

Rudi kwenye mashine ya kwanza. Ampea 250 za TIG zinahitaji volti 20, yaani wati 5,000 zinazotoka. Kinachoingia, kwa maneno yake yenyewe, ni ampea 22 mara volti 230, yaani 5,060. Mashine hiyo ingekuwa inapoteza takribani sehemu moja tu kati ya mia, jambo ambalo hata watengenezaji wakubwa wa Ulaya hawalidai. Kama ile I1max ya 22 ni ya kweli, na kama inavuta umeme kwa namna ileile ya mashine ya pili, uwezo wake wa TIG utakuwa karibu na ampea 165, na ukiitumia kwa elektrodi za kawaida utapata ampea 110 hivi, kwa sababu elektrodi hupimiwa kwa volti nyingi zaidi. Hivyo hujapewa ampea 250 kwa nusu ya bei. Umepewa ampea 165, na namba kubwa imechapwa kwenye boksi.

Nitakuwa mwenye haki kwa mashine hiyo: ampea 165 zinatosha kabisa kwa reli za ngazi. Kwa stenlesi nyembamba, mafundi hukadiria ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene. Mabomba ya reli yanayouzwa kwetu mara nyingi yana ukuta wa milimita 1.2 au 1.5, kwa hiyo utafanya kazi kati ya ampea 40 na 60 karibu siku nzima. Kinachonifanya nisiichague si upungufu wa ampea. Mtu aliyekudanganya kwenye namba unayoweza kuikagua kwa kalamu hana sababu ya kukwambia kweli kuhusu vipuri vilivyo ndani ya bodi, ambavyo huwezi kuvikagua. Na kibao kisichokuwa na X kabisa hakikwambii mashine inaweza kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kupata joto na kujizima.

Hiyo X ndiyo inayochanganya wengi, basi niieleze. Ni asilimia ya dakika 10. X 35% kwa ampea 200 maana yake ni kwamba unaweza kuchomelea dakika tatu na nusu, kisha mashine ipumzike dakika sita na nusu huku feni ikizunguka. Kiwango nilichokitaja kinataka kipimo hicho kifanyike kwenye hewa ya nyuzi 40, na hapo ndipo pa kuwa macho, kwa kuwa wapo wanaopimia nyuzi 25 au hata 20 ili asilimia ipande. Kwenye karakana ya mabati ya Tanga saa nane mchana, mashine iliyopimwa kwa nyuzi 25 itakuwa imekwisha kuchoka kabla hujaianza kazi. Uliza, na ikiwezekana uone kwenye kitabu chake. Kwa mashine ya pili, ile namba ya ampea 118 kwa X 100% ndiyo ya kuitazama kuliko 200, maana inakwambia kwamba kazi yako ya ampea 60 ni kama nusu tu ya kile inachoweza kubeba usiku na mchana.

Kwa hiyo ulinganifu ulio muhimu kwako uko chini ya kipimo, si juu. Karibu kila mashine inaweza kuwaka vizuri kwenye ampea 100. Zinazotofautiana ni zile zinazoweza kuwaka na kutulia kwenye ampea 15 au 20, pale unapounga bomba jembamba na kifuniko cha mwisho wa reli, ambako moto ukirukaruka unatoboa. Tazama pia namna moto unavyoanzishwa. Kuna mashine zinazotaka tangsteni iguse chuma kisha iinuliwe, na kuna zinazorusha cheche za masafa ya juu bila kugusa. Kwa stenlesi ya kung'aa inayoonekana na kila anayepanda ngazi, nakushauri uchague inayorusha cheche, kwa sababu tangsteni isipogusa haichafui kiungo wala haiachi alama. Hakikisha ina vitufe viwili vidogo ambavyo wauzaji hawavisifii: kile kinachopunguza moto polepole mwishoni ili kishimo cha mwisho kisipasuke, na kile kinachoendelea kutoa gesi baada ya moto kuzimika. Gesi hiyo ya mwisho ikadirie sekunde moja kwa kila ampea 10, yaani sekunde tano au sita kwa kazi yako, na mkono usiondoke hapo mpaka iishe.

Tuje kwenye aluminiamu. Juu ya aluminiamu kuna ngozi nyembamba ya oksaidi inayoyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ilhali aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Umeme wa AC ndio unaoivunja ngozi hiyo kwa kubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na bila AC kazi ya kawaida ya aluminiamu kwa TIG ya agoni haiwezekani. Muuzaji amesema kweli katika hilo. Lakini wateja wako, kwa maelezo yako mwenyewe, wanaulizia madirisha. Madirisha ya aluminiamu yanayofungwa katika nchi yetu hukatwa kwa msumeno, yakaunganishwa pembe kwa skrubu na vipande vya kona, kisha yakatiwa raba na kioo. Hayachomelewi. Ukinunua mashine ya AC kwa ajili ya madirisha utakuwa umelipa laki saba zaidi kwa kazi inayohitaji msumeno na bisibisi. Aluminiamu ya kuchomelea ni ya mabodi ya malori na matenki ya mafuta, rejeta, vyombo vya baharini na sufuria kubwa za taasisi. Tanga ina bandari na malori, kazi hiyo ipo, na siku watu wa namna hiyo watakapoanza kusimama mlangoni kwako wakiwa na fedha, hesabu itabadilika.

Kuna sababu nyingine inayohusu uimara. Mashine ya DC ina hatua moja ya kubadili umeme. Mashine ya AC na DC inaongezewa hatua ya pili upande wa kutolea, yenye swichi zake za umeme zinazobeba ampea zote za tochi, na kwa mashine za bei ya chini hatua hiyo ndiyo sehemu ya ziada inayoweza kuungua. Jina usilolijua, X 20%, na swichi za ziada ndani: kwa bei hiyo mimi ningeiacha dukani. Ningekuwa na maoni tofauti kama ingekuwa na wakala anayejulikana, hata kwa bei ya juu kidogo.

Mashine ya Kijapani nitaipitia haraka, ingawa nakiri kwamba mashine hizo nazipenda, kwa sababu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya viwanda vinavyofanya kazi zamu tatu. Umeme wa viwandani wa Japani ni fezi tatu za volti 200, na wetu ni fezi tatu za volti 400, kwa hiyo hata ungekuwa na fezi tatu ungehitaji transfoma ya kushusha. Barua yako haitaji fezi tatu. Bodi yake ikiungua hakuna duka la Gerezani lenye nyingine. Mwachie mtu mwenye kiwanda.

Kuhusu shemeji wa Houston, mshukuru, kisha umwombe akupigie picha ya kibao kabla ya kulipa. Kinachotakiwa kuonekana ni volti 230 au 240 za fezi moja na maneno 50/60 Hz. Mashine ya transfoma iliyotengenezwa kwa 60 Hz peke yake itapata joto kupita kiasi kwenye umeme wetu wa 50 Hz. Miller na Lincoln Electric ni majina yenye heshima inayostahili, lakini kabla ya kulipa muulize muuzaji wa huko kama waranti itaheshimiwa Tanzania, kwa sababu mashine iliyokufa haitarudi Texas kwa basi.

Sasa umeme, ambao naona ndio unaokunyima usingizi. Mashine yako ya koili haina akili, na ndiyo maana haifi: umeme ukishuka, moto unapungua tu. Inveta ina bodi inayotaka volti zake. Nyingi hustahimili upungufu au ongezeko la asilimia 15, yaani kuanzia volti 196 hivi hadi 264. Chukua mita, pima soketi yako saa mbili usiku wakati jirani anasaga, tena pima ukiwa umewasha grainda yako. Ukikuta 205, usiwe na hofu. Ukikuta 185, shida haitatatuliwa na stabilaiza ya friji, kwa sababu mashine ya pili ikiwa kwenye kilele inavuta karibu kVA 7 na stabilaiza ya ukubwa huo si ya bei ya kawaida. Mwite fundi umeme akague kwanza ukubwa wa waya kutoka mita ya LUKU hadi karakana, kwani mara nyingi tatizo liko kwenye waya mwembamba na mrefu aliouvuta mwenye nyumba. Umeme ukiwa umeshuka hata kwenye mita yenyewe, hiyo ni kazi ya TANESCO.

Kuna habari njema hapo. TIG kwenye ampea 60 hutumia volti 12.4 tu kwenye tochi, kwa hiyo kwenye soketi inavuta takribani ampea sita, kiasi cha pasi ya nguo. Plagi ya kawaida ya ampea 13 inatosha kwa reli. Lakini siku utakapochukua mashine hiyohiyo ukaunguze elektrodi ya milimita 3.2 kwa ampea 120, itavuta ampea 24 hivi, na plagi hiyo itayeyuka mkononi mwa kijana wako. Fungiwa soketi ya viwandani ya ampea 32 yenye breka yake na athi ya kweli. Kwa jenereta, ikiwa ni kwa reli tu, kVA 5 yenye kidhibiti cha volti inakutosha. Kwa kazi zote za mashine, fikiria kVA 10.

Hewa ya chumvi na unga wa grainda ndivyo viuaji halisi vya inveta huku pwani. Feni hunyonya hewa na kuipitisha ndani, na unga wa chuma ukitua kwenye bodi yenye unyevu umeme hupata njia isiyo yake. Muombe wakala akuonyeshe mashine iliyofunguliwa, hata iwe mbovu iliyoletwa kutengenezwa, utazame kama bodi zimepakwa vanishi ya kuzikinga na kama feni inapuliza kwenye vipoza joto au moja kwa moja kwenye bodi. Mashine iweke juu ya meza, mbali na grainda, na mgongo wake usielekee cheche. Wakati wa waranti usiifungue mwenyewe. Baada ya hapo ipulize kwa hewa kavu ya kompresa isiyo na nguvu kali kila baada ya miezi michache. Koili itunze pia. Acha kazi za mageti na elektrodi nene ziende huko kama kawaida, na inveta ibaki kwa stenlesi.

Nachagua mashine ya pili, kwa masharti. Inakubakishia shilingi 1,150,000, na usidhani fedha hiyo ni ya ziada, kwa sababu TIG bila gesi nzuri ni hasara yenye taa. Utahitaji mtungi wa agoni, na kabla ya kulipia mashine uwaulize wauzaji wa gesi kama mtungi unauzwa, unakodishwa au unawekewa amana, na kama wa kubadilisha unapatikana Tanga au lazima utoke Dar es Salaam. Mtungi wa lita 40 uliojazwa kwa bar 150 una takribani lita 6,000 za gesi. Kwa lita 8 kwa dakika ni saa 12 na nusu za moto kuwaka, ukiacha zile sekunde za mwisho na mivujo ya kwenye maungio, ambayo utaitafuta kwa povu la sabuni. Regileta iwe ya agoni, yenye kipimo cha lita kwa dakika, usiazime ya oksijeni. Na kwa kuwa upepo wa bahari unaingia kila mahali, tengeneza pazia la turubai, kwani upepo mdogo usioutambua usoni unatosha kupeperusha gesi na kukiacha kiungo kikiwa cheusi chenye vitundu.

Tochi nayo ichunguzwe. Mashine ya ampea 200 mara nyingi huja na tochi ya namba 17, inayopozwa kwa hewa na inayobeba ampea 150 hivi. Kwako inatosha, na ni nyepesi. Uzuri wake mwingine ni kwamba koleti, yaani vishikio vya tangsteni, na vikombe vyake vya kauri vinaingiliana na vya namba 26 na 18, kwa hiyo vipuri hupatikana hata mashine ikiwa ya jina lingine. Tochi ya umbo geni yenye kikombe kisichouzwa popote itakusimamisha kazi kwa kitu cha bei ya soda. Tangsteni nunua ya milimita 1.6, yenye rangi ya dhahabu, buluu au kijivu. Ile nyekundu ina thoriamu, ambayo ina mionzi kiasi, na unga wake wakati wa kuinoa si wa kuvuta puani. Waya wa kujazia uwe wa 308L kwa stenlesi ya 304, na kwa nyumba zinazotazama bahari, ambako mteja akiwa na busara atalipia 316, uwe wa 316L.

Sharti la kwanza la kununua ni kuijaribu. Nenda na vipande vya bomba lako la milimita 1.2, uombe uchomelee hapo hapo. Duka lisilo na mtungi wa agoni wa kujaribia haliwezi kukuonyesha kitu, na nina mashaka kama litaweza kukuhudumia mashine ikiugua. Ishushe hadi ampea 15 uone kama moto unatulia, uuwashe na kuuzima mara nyingi mfululizo, usikilize kama gesi inatangulia moto na kubaki nyuma yake. Kisha washa kwa elektrodi ya kawaida, weka ampea 120, na upime kebo kwa mita ya kubana inayosoma DC, kwa sababu nyingi za bei rahisi husoma AC tu. Usiikaribishe mita hiyo kwenye cheche za kuanzishia TIG, zinaweza kuiua.

Sharti la pili ni wakala. Muulize nani anatengeneza, wapi, kwa siku ngapi, na kama anazo bodi za modeli hiyo kabatini leo. Akikujibu kwamba mashine hizi haziharibiki, tafuta wakala mwingine wa mashine ya kiwango kilekile. Upewe risiti ya EFD na namba ya mashine iandikwe kwenye kadi ya waranti, pamoja na maelezo ya kama kushuka kwa umeme kunafuta waranti, kwani wapo wanaokimbilia hapo.

Kazi ya maziwa usiikubali kwa mwezi ujao. Bomba la maziwa linahitaji agoni nje na ndani: ncha mbili zinazibwa, gesi inaingizwa mpaka hewa yote itoke, ndipo unachomelea, la sivyo upande wa ndani utaota maganda meusi yenye nyufa ambamo maziwa yataganda na kuoza hata wakiosha vipi. Utahitaji regileta ya pili au yenye njia mbili, na gesi nyingi kuliko ya reli. Wakubalie baada ya kukata viungo vyako vya mazoezi kwa msumeno na kukuta ndani ni peupe au rangi ya majani makavu, na siku hiyo waombe wachomoe vipimajoto na vidhibiti vyao vya kielektroniki kabla hujawasha cheche.